Kiuno Si cha Harusini Pekee

Wiki iliyopita niliposti klipu ya sekunde 12. Binamu yangu wa miaka 14 yuko nyuma ya nyumba kwetu Mwabungo, anapiga mpira wa tenisi kwenye ukuta wa nyumba ambayo mwenyewe aliiachia kwenye lenta miaka mitatu iliyopita. Pah. Pah. Pah. Pigo la nne likapita juu ya ukuta, mpira ukapotelea kwenye minazi. Mwisho wa klipu.

Komenti zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza: "Huyu mtoto ana mkono!" "Mkono wa chuma, mashallah." Ya pili sitaiandika yote hapa, ila ufupi wake ni huu: mtoto wa kike, mbele ya watu, kiuno kinazunguka namna ile, wazazi wako wapi?

Wote wamekosea, tena wamekosea kitu kimoja. Wa kwanza hawakukiona kiuno. Wa pili walikiona, ila wakadhani kimewekwa pale kwa ajili yao.

Ningewaachia hapo, si unajua watu wa mtandaoni. Lakini kuna mtu akazitumia zile komenti kwa shangazi yangu, mamake binti. Sasa shangazi anasema raketi iwekwe kabatini kwanza "mpaka tuone". Mimi najua "mpaka tuone" ya mama wa Kidigo maana yake nini. Kwa hivyo leo sitafuti laiki. Nataka hii isomwe na shangazi yangu, na shangazi zenu pia mkiweza kuwatumia.

Kabla sijaendelea: ile klipu nimeitoa. Sikumuuliza mtoto, sikumuuliza mamake, nikaposti tu kwa sababu ilikuwa kali. Hilo kosa ni langu, sina la kujitetea.

Sasa tuanze na mkono, maana mkono ndio ulioniponza mimi.

Nilianza tenisi nikiwa na miaka 19, kwenye uwanja wa hoteli moja pale Diani ambako jamaa yetu alikuwa akifanya kazi ya bustani. Msimu wa wageni wachache, saa saba mchana, jua la kuua nyani, uwanja mtupu. Tulikuwa tunaingia watu watatu wanne na raketi mbili. Aliyekuwa akitufundisha, simtaji, alikuwa na somo moja tu: kaza mkono. Mpira haujaenda? Kaza mkono. Umeenda nje? Kaza mkono. Nikakaza. Nilikuwa nikishika ile raketi kama mtu anayening'inia kwenye mlango wa matatu.

Baada ya miezi minne kiwiko cha kulia kikaanza. Mwanzo ni kama kuchoka tu. Halafu ikafika siku nakamua tui, nimejaza nazi kiganjani, nikibana tu, wallahi niliona nyota. Kuinua sufuria ya uji kwa mkono mmoja ikawa mtihani. Kufungua kifuniko cha chupa, mtihani. Ile misuli inayoinua kiganja imejishikiza kwenye kifupa kilicho upande wa nje wa kiwiko, na mimi nilikuwa nimeibebesha kazi ambayo si yake. Wanaita kiwiko cha tenisi, japo wengi wanaokipata hawajawahi kushika raketi: mafundi, wapishi, watu wa kufua nguo kwa mkono. Yaani kazi yoyote ambayo mkono unabana na kusokota, na mwili uliobaki umesimama unatazama.

Nikakaa nje miezi mitatu. Na hapo ndipo nikaanza kuangalia watu wanavyotumia miili yao, kwa kuwa sikuwa na la kufanya.

Mjomba wangu ni mvuvi. Mwembamba, mikono kama fito. Kuna asubuhi nilimfuata na kikombe cha kahawa, nikakuta anarusha kimia kwenye maji ya magotini. Kama hujawahi kuona kimia kikirushwa vizuri, nenda kaone, acha simu. Anakikusanya, nusu begani nusu mkononi, chubwi zinaning'inia. Anageuka kama mtu anayeangalia nani kamwita nyuma. Uzito wote umeingia mguu wa nyuma, goti limekunjwa. Halafu nyonga inaanza kurudi mbele, na mkono wakati huo haujafanya lolote, bado uko nyuma umelala. Nyonga, kifua, bega, ndipo mkono, na kimia kinafunguka hewani duara kamili kama sinia ya biriani. Kile kimia kikilowa ni kizito, mimi nimejaribu. Kilianguka mbele ya miguu yangu kama nguo ya kuoga.

Nikamuuliza, "Mjomba, hiyo nguvu yatoka wapi?"

Akacheka. "Mkono ni wa kuachia tu, mwanangu. Ukirusha kwa mkono, saa tatu ushachoka, na samaki ndo kwanza waja."

Ndiyo hiyo. Mkono ni wa kuachia. Nililipa pesa kwenye hoteli nifundishwe kinyume chake.

Sasa fizikia kidogo, msikimbie. Mpira wa tenisi una uzito wa gramu 56 hadi 59.4, hiyo iko kwenye sheria za mchezo. Raketi ya kawaida ni kama gramu 300. Mpira ukigusa nyuzi, unakaa pale kama elfu tano za sekunde hivi, yaani sehemu tano kati ya elfu moja. Hakuna binadamu anayeweza "kukaza" ndani ya muda huo. Ukihisi mpira, ushaondoka. Kila kitu kilichoamua utaenda na kasi gani kilifanyika kabla, na kilianzia chini.

Tulifundishwa sekondari sheria ya tatu ya Newton: ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma. Nilipata alama zangu na sikuelewa kitu. Nikaenda nayo mpaka chuo, chuo chenyewe nikakiacha mwaka wa pili, na bado sikuwa nimeelewa. Nimeielewa ufuoni Diani. Na nyinyi mnaweza kuielewa bure kabisa kesho maji yakipwa.

Fanya hivi. Chukua raketi, kama huna chukua kipande cha ubao, kama huna tumia ndimu na mkono mtupu, urushe tu. Nenda juu kule karibu na mivinje ambako mchanga ni mkavu na mlaini, ule unaozama mpaka kifundo. Piga mpira kwa nguvu zako zote mara kumi. Mguu unasukuma, mchanga unakimbia, unahisi kama umekanyaga unga. Sasa shuka mpaka kwenye mchanga uliolowa, ule mgumu ambao vijana wanachezea kandanda bahari ikirudi nyuma. Piga tena kumi. Mkono ni uleule. Raketi ni ileile. Mpira unaenda mbali zaidi, na mwili unahisi wepesi. Kilichobadilika ni ardhi tu: kule juu nguvu yako ililiwa na mchanga, hapa chini ardhi imekurudishia. Kisha ukitaka kumaliza ubishi, ingia majini mpaka kifuani upige. Hapo umebaki na mkono peke yake, na utaona mkono peke yake una thamani gani.

Ambaye yuko mbali na bahari, chukua kiti cha plastiki. Kaa, rusha ndimu. Simama miguu ikiwa pamoja, rusha. Halafu piga hatua moja mbele huku ukirusha. Pima kwa hatua zako mwenyewe, usiniamini mimi.

Mwaka 1995 daktari wa michezo wa Marekani anayeitwa Ben Kibler alitoa hesabu ambayo makocha wa tenisi wanairudia mpaka leo. Kwenye sevu, miguu na nyonga pamoja na kiwiliwili hutoa karibu 51% ya nishati ya mwendo, na karibu 54% ya nguvu yote. Bega letu hili tunalolipigia picha kwenye kioo cha jim lilipewa kama 13% ya nishati. Halafu kuna hesabu nyingine ambayo mimi ndiyo iliyonikalia rohoni: ukipunguza 20% ya nishati inayopanda kutoka chini, bega litalazimika kuongeza kasi yake ya kuzunguka kwa 34% ili pigo libaki vilevile. Soma tena hiyo. Miguu ikizembea kidogo, mkono unalipa deni na riba juu. Kiwiko changu kilikuwa kinalipa riba.

Lakini si kusukuma ardhi tu halafu basi. Kama ingekuwa hivyo, mtu yeyote mwenye mapaja angekuwa bingwa. Kuna mpangilio, na mpangilio ndio ufundi wenyewe.

Umeshawahi kusimama kwenye matatu ya Likoni, dereva akafunga breki ghafla pale Ukunda stejini? Gari limesimama, wewe unaendelea mbele, na kama kuna mama ameshika mfuko wa nyanya, nyanya zinaenda mbele kuliko mama. Mwili wa mchezaji unafanya vilevile. Mguu wa nyuma unasukuma, nyonga inazunguka kuelekea wavu, halafu nyonga inafunga breki. Ikifunga, mwendo wake haupotei, unahamia kifuani. Kifua nacho kinafunga, mwendo unahamia begani, kisha kiwiko, kisha kiganja, na raketi ni zile nyanya. Kila kiungo kikikaribia kusimama, kinachofuata kinaongeza kasi, na kinachofuata kila mara ni chepesi kuliko kilichotangulia. Ndiyo maana ncha ya raketi inaenda kasi ambayo hakuna msuli wa mkono unaoweza kuitoa peke yake.

Ukigeuza mpangilio, mkono ukatangulia na nyonga ikafuata, huna kitu. Hilo ndilo kosa la karibu kila mtu anayeanza. Anaona mpira, mkono unaruka kwanza kwa hofu.

Kwa hivyo kwa foahendi, kwa anayetumia mkono wa kulia: geuka kwanza, bega la kushoto liangalie wavu, uzito uketi juu ya mguu wa kulia mpaka uhisi paja linafanya kazi. Goti limekunjwa, si kiuno kimeinama, hizo ni vitu viwili tofauti na wengi wanachanganya. Halafu kitovu kigeuke kuangalia wavu kabla raketi haijafika. Kitovu kwanza. Nikimfundisha binamu yangu sisemi lingine, nasema "kitovu" tu, jirani wanadhani tuna wazimu. Kwenye sevu, kunja magoti yote mawili huku mpira unapanda, kisha sukuma ardhi kama unataka kuruka uchungulie upande wa pili wa ukuta. Wachezaji wakubwa miguu yao huachana na ardhi kabisa wakati wanapiga, na hawarukii urembo, ni ile sukuma imezidi. Na kila mpinzani anapopiga, karuka kadogo, miguu miwili, utue na magoti laini. Hapo umeshapakia nguvu na bado hujajua mpira unaenda wapi.

Ukicheza badminton au ping pong ni habari ileile, tofauti ni vipimo tu. Wale watoto wa ping pong wanaochezea vibao vya mbao za kukatia, muangalie yule anayewashinda wenzake. Yuko chini. Magoti yamekunjwa. Wengine wamesimama wima kama wanasubiri daftari lisahihishwe.

Sasa nishukie makaka wa Diani kidogo. Mimi nawapenda, lakini jamani. Kila jioni ufuoni ni pushapu, ni kubeba vyuma vya saruji, kifua kimejaa mpaka shati halifungi, miguu chini kama ya korongo. Halafu mtu huyohuyo anakuja uwanjani anapigwa na mzungu mzee wa miaka 65 mwenye kitambi, ambaye hata hakimbii. Mzee anageuza nyonga tu. Kaka anarudi ameshika bega. Nimeliona hili si mara moja.

Na wale mnaoniambia sisi ni wafupi, tenisi ni ya watu warefu: Diego Schwartzman wa Argentina ana mita 1.70 na mwaka 2020 alifika nambari 8 duniani. Ons Jabeur wa Tunisia ana kama mita 1.67, na amecheza fainali tatu za mashindano makubwa, Wimbledon 2022, US Open mwaka huohuo, na Wimbledon tena 2023. Binti wa Afrika. Urefu unasaidia kwenye sevu, sikatai. Ila ardhi haimuulizi mtu kimo chake.

Kwetu Kenya ndiyo mnamjua Angella Okutoyi. Kama hamumjui, ni aibu yenu na ya runinga zetu. Amelelewa na nyanyake Nairobi. Julai 2022, akiwa na miaka 18, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walishinda taji la wasichana wawili wawili Wimbledon. Walianza kwa kupoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, wakamaliza 11-9. Mkenya wa kwanza kuchukua taji la vijana kwenye mashindano ya kiwango kile. Mwaka 2024 akachukua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika kule Accra. Na mmoja wa wale wasichana wa Kanada aliowafunga kwenye fainali ya Wimbledon ni Victoria Mboko, ambaye wazazi wake wametoka Kongo. Mboko huyo mwaka 2025 alishinda taji kubwa la Montreal akimfunga Naomi Osaka kwenye fainali. Yani siku ile Wimbledon, pande zote mbili za wavu kulikuwa na mtoto wa huku kwetu. Tafuta klipu zao, zima sauti, usiangalie mpira. Angalia kutoka mbavuni kwenda chini. Utaona kitu kilekile ambacho mtu aliandika kwenye klipu yangu kwamba ni aibu.

Haya. Tumefika penyewe.

Mimi nimekulia kwenye harusi za huku. Najua vyumba vile ambavyo wanaume hawaingii, ngoma ya chakacha imekolea, leso imefungwa nyongani, na mama mzima wa miaka hamsini anakizungusha kiuno mpaka chumba kizima kinapiga vigelegele. Na hakuna anayesema ni rahisi. Mashangazi wanasahihisha: "Wewe unatikisa mabega, teremsha." "Kifua kitulie, chini ndo kufanye kazi." "Kunja goti kidogo, utakatika." Jamani, hilo ni somo la tenisi! Kutenganisha nyonga na kifua, kimoja kizunguke kingine kitulie, ndicho kitu kigumu kuliko vyote kumfundisha mtu mzima uwanjani. Wazungu wanalipa makocha kwa saa kufundishwa. Msichana wa Pwani anakifika akiwa na miaka sita, chini ya meza ya harusini, akiiga mamake.

Halafu mtoto yuleyule akitoka nje, anaambiwa asimame wima. Tembea vizuri. Usiruke. Usipanue miguu. Usijizungushe. Akishika raketi, anapiga kama mtu anayefukuza nzi, mkono peke yake, kwa sababu mwili wote uliobaki ameambiwa ni haramu kuutumia mbele ya watu. Na sisi tunasema wasichana hawana nguvu.

Sijasema chakacha ichezwe barabarani, msinigeuzie maneno. Kila kitu na mahali pake. Ninachosema ni kwamba nyonga ni kiungo. Msuli mkubwa kuliko yote mwilini mwa binadamu ni ule unaoukalia sasa hivi ukisoma hii. Mungu hakuuweka pale kwa ajili ya harusi peke yake. Mjomba akirusha kimia kiuno kinazunguka, hakuna aliyewahi kumuuliza wazazi wake wako wapi. Wanaume kumi wakipandisha ngalawa mchangani, wote wameinama, wanasukuma kwa mapaja, tunawasifu. Mtumbwi ukisukumwa kwa upondo, nguvu yatoka chini. Ikifika kwa binti wa miaka 14 na mpira wa gramu 58, ghafla tunaona kitu kingine. Tatizo liko kwenye macho, si kwenye kiuno.

Na kuna la zaidi ya aibu, shangazi, hili ndilo naomba ulisikilize. Kwenye michezo ya kuruka na kugeuka, kama kandanda na mpira wa kikapu, wasichana huchanika ile kano ya ndani ya goti mara mbili au zaidi kuliko wavulana. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni kutua na mguu ulionyooka, goti likiingia ndani. Na mazoezi ya kufundisha kukunja goti na kutumia nyonga wakati wa kutua yameonekana kupunguza majeraha hayo. Kwa hivyo tukimwambia mtoto asimame wima ndiyo adabu, hatumlindi. Tunamuandalia goti la hospitali. Kiwiko changu kilipona kwa miezi mitatu. Kano ya goti ni upasuaji, ni mwaka mzima, ni pesa ambazo familia yetu haina.

Kuhusu mavazi, sioni ugomvi. Binamu yangu anacheza na suruali pana, shati refu na hijabu, na ule mpira uliopotea kwenye minazi aliupiga akiwa amevaa hivyohivyo. Goti linakunjika ndani ya kitambaa chochote.

Kuna mtu ataniuliza, "Sawa, tukishajua haya yote, tunacheza wapi?" Swali zuri. Kutoka Tiwi mpaka Msambweni viwanja vya tenisi vingi viko nyuma ya geti la mtu, na askari getini anakuuliza wewe ni mgeni wa nani. Mchana vimelala, mijusi ndiyo inayocheza. Sisemi hoteli ifungulie kijiji kizima. Saa mbili kwa wiki, msimu wa kusi ambapo wageni ni wachache, watoto kumi na mtu mzima mmoja, ingepunguzia mtu nini? Hilo nitaliandikia posti yake, kuna watu nataka kuongea nao kwanza. Kwa sasa tuna ukuta.

Na ukuta si mbaya. Hauchoki, hausemi uongo, na haukwambii kaza mkono. Ukipiga kwa mkono tu, mpira unarudi umelegea. Ukipiga kutoka chini, unarudi haraka mpaka unaogopa. Tunachora mstari kwa mkaa, kimo cha wavu. Mipira ni ya zamani, imenyolewa manyoya yote, mmoja tumeuokota kwenye mtaro. Na hao wasichana wengine wanne wa mtaani wameshaanza kuja kuangalia, wanajifanya wametumwa dukani.

Jana jioni shangazi alikuja mwenyewe kuchukua raketi. Ana dera, leso kiunoni, ametoka kuuza mahamri. Hakupiga kelele. Alisimama pale akasema, "Hebu nipe nione hiki kitu chenyewe." Nikampa. Sikumwambia kitovu wala goti, nilinyamaza kabisa, nikamrushia mpira.

Wa kwanza akaukosa. Wa pili ukagonga ukingo wa raketi ukaenda kwenye kuku wa jirani. Wa tatu, sijui kilichotokea, akaweka mguu nyuma, akakaa kidogo, na nikaiona nyonga ikitangulia, ileile ya harusi ya dadangu mwaka juzi. Pah. Ukapita juu ya ukuta, juu ya minazi, sikuusikia ukianguka.

Akageuka haraka kuangalia nani kaona. Binamu yangu alikuwa amekaa chini anacheka mpaka machozi.

Msiniulize kama nilirekodi. Sikurekodi.

Hajasema ndiyo bado. Amesema tuutafute huo mpira kabla ya magharibi, maana ni wa nne kupotea wiki hii na yeye hanunui mingine. Na kwamba kesho baada ya alasiri hana kazi nyingi.